Orijino ya Nani?

Jamaa mwenye ubao wa karatasi alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akamulika kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa. "Hizi breki si zake," akasema, akaandika. Akainuka, akaomba boneti ifunguliwe, akainama kusoma namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, akailinganisha na ile ya kibati cha kiwandani, akatikisa kichwa mara ya pili. "Na injini pia si yake." Akaandika tena.

Mwenye gari, mzee wa miaka sabini na ushei, kofia ya kiua kichwani, alimjibu kwa upole: "Injini yake ninayo nyumbani. Nimeifunika." Jamaa hakuuliza imefunikwa wapi wala kwa nini. Fundi aliyelifufua gari lile alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, mikono mifukoni, na muda wote huo hakuna aliyemgeukia.

Hii ilikuwa mwaka jana, kwenye onyesho moja la magari ya zamani hapa Mombasa. Nilikuwa pale kikazi, nikitafuta habari ya maneno 600 na picha mbili. Nilirudi nazo. Nilirudi pia na hasira ambayo haikuingia kwenye maneno 600, na ndiyo hii ninayoileta hapa. Najua wasomaji wa ukurasa huu mmezoea riwaya na diwani. Vumilieni grisi kidogo, vitabuni tutafika.

Dai langu ni fupi. Kulibadilisha gari la zamani ili mwenyewe aweze kuliendesha si dhambi. Dhambi ni kulibadilisha kimyakimya. Na hawa wanaolilia "orijino" kila kukicha, kwa kujua au kutojua, ndio wanaowafundisha mafundi wetu kunyamaza.

Tuanze na neno lenyewe. Ukiingia duka la spea pale mjini ukaomba plagi, muuzaji atakuuliza: wataka orijino au wataka ya bei nafuu? Orijino kwake ni kitu kipya kilichotoka kwa kampuni halisi, utakachofunga leo na kukitegemea kesho. Nenda sasa kwa wapenzi wa magari ya kale, utakuta neno lile lile limegeuka. Kwao orijino ni kitu ambacho hakijaguswa. Kikiwa kimechakaa, sawa. Kikiwa hakifanyi kazi, sawa pia, mradi kiwe kile kile. Maana hizi mbili zinagombana, na anayeumia katikati ni fundi, maana yeye huletewa gari na mtu anayetaka zote mbili kwa pamoja: lisiguswe, na liwake asubuhi.

Gari la mzee ni Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, aliyoinunua ikiwa mpya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa asiyeijua, ni gari la milango miwili, boneti ndefu, mgongo ulioteremka, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, iitwayo L24. Nissan waliitoa mwishoni mwa 1969. Kule Marekani bei yake ya kwanza ilikuwa dola 3,526, wakati Porsche na Jaguar za kushindana nayo zilikuwa ghali zaidi kwa mbali. Ndiyo maana ilinunuliwa kama njugu.

Kwetu Afrika Mashariki ina historia nyingine, ya matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Watu wa rika la mzee wetu hawakuyajua magari haya kupitia majarida. Waliyaona yakipita yamepakwa udongo hadi kwenye vioo, wao wamesimama kando ya barabara na redio mkononi. Ndipo alipolitamani.

Basi niwaulize watetezi wa orijino: zile Z zilizoshinda Safari zilikuwa orijino? Zilikuwa na kinga ya chuma chini ya sampu, taa za ziada mbele, bodi iliyoimarishwa, na injini iliyonolewa kwa ajili ya mashindano. Hakuna aliyezitoa dukani asubuhi akaziingiza mashindanoni jioni. Sifa inayolifanya gari hili liabudiwe leo ilipatikana na magari ambayo mafundi walikuwa wameyabadilisha, na wakayabadilisha kwa ajili ya barabara zetu.

Hata jina. Japani gari hili huitwa Fairlady Z. Inasimuliwa kwamba Katsuji Kawamata, aliyekuwa rais wa Nissan, alilipenda jina hilo baada ya kutazama mchezo wa muziki wa My Fair Lady alipozuru Marekani mwaka 1958. My Fair Lady yenyewe imetokana na tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, na Shaw naye alianzia kwenye kisa cha kale cha mchonga sanamu ambacho Ovid alikwisha kukisimulia kwa Kilatini. Kisha gari lilipofika Marekani, Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan huko, hakulitaka jina la Fairlady, na likauzwa kama 240Z. Kabla fundi yeyote wa Mombasa hajashika spana, gari hili lilikuwa limekwisha kupita mikono mingi ya kulirekebisha ili limfae aliye mbele yake.

Siku ya pili nilikwenda gerejini, Changamwe, ndani ya uwanja wa mabati wenye mwarobaini mmoja katikati. Nilimuuliza fundi moja kwa moja kwa nini aliweka breki za gari jingine.

"Mwanangu, kaa kwanza," akanijibu. "Wauliza breki na hujaliona gari lilivyokuja."

Lilikuja juu ya lori mwaka 2019. Lilikuwa limesimama miaka 14 kando ya nyumba ya mzee huko Likoni, hatua chache kutoka baharini, chini ya turubai. Turubai huzuia mvua, lakini hufungia ndani unyevu wa chumvi, na chumvi haina haraka. Sakafu ilikuwa imeoza. Zile mbavu mbili za fremu zinazopita chini ya sakafu zilikuwa zimeoza. Trei ya betri, pembe za chini nyuma ya milango, vivyo hivyo. Fundi aliniambia bisibisi ilikuwa ikiingia kama kwenye boflo. Kila anayeijua 240Z anazijua sehemu hizi. Bati lake ni jembamba, na waliolibuni hawakuwa wakiwaza Likoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya ni kukata. Alikata bati lililooza, akakunja jipya, akalichomelea. Hakuna njia nyingine ya kufufua gari lililoliwa na kutu. Na hapa ndipo nilipoanza kuona unafiki wa ule ubao wa karatasi. Sakafu nzima si ya kiwandani, lakini haikukatwa alama hata moja, kwa sababu imepakwa rangi vizuri na haionekani. Breki zilikatwa alama kwa sababu zinaonekana. Kinachotetewa pale ni sura. Kama ni uhalisi, wangeanza na sakafu.

Sasa breki. Mzee alikuwa na haja moja, na alimwambia fundi wazi: anataka kumpeleka mkewe Wundanyi, alikozaliwa, kwa gari walilopanda siku ya harusi yao mwaka 1975. Aliyewahi kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi anajua zile kona. Kupanda ni kazi ya injini. Kuteremka ndiko kunakotisha. Breki za mbele za 240Z ni za diski, zenye kalipa za pistoni mbili, na zikiwa mpya zinatosha kwa matembezi ya mjini. Za mzee zilikuwa zimeshika kutu ndani na kit zake hazikupatikana hapa. Ikawa fundi anajua siri ambayo wapenzi wa Z duniani kote wanaijua: kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux za four-wheel za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hukaa pale pale. Kikwazo ni kile kikinga-vumbi cha bati nyuma ya diski. Wengine hukikata. Yeye alikifungua kizima, akakitia guniani pamoja na kalipa za zamani, akafunga gunia na kuliandika kwa chaki.

"Mimi sikati kitu ambacho siwezi kukirudisha," alisema. "Kutu sikuikata kwa kupenda. Hayo mengine yote, mtu akitaka gari lirudi vile lilivyokuwa, anipe wikendi mbili."

Akaendelea kunionyesha. Kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi iliyo kwenye nguzo ya usukani. Swichi inazeeka, inapata moto, waya zinayeyuka, na siku moja unabaki gizani barabara ya Nairobi na malori mbele na nyuma. Alifunga rilei mbili: swichi sasa inatoa amri tu, umeme unatoka kwenye betri moja kwa moja. Kazi ya mchana mmoja. Mikanda ya zamani haikuwa ya kujivuta yenyewe. Akaweka ya kisasa kwenye matundu yale yale. Distribyuta ya pointi akaiweka kando, akafunga ya elektroniki iliyotoka kwenye 280ZX, ndugu mdogo wa gari lile lile.

Injini ndiyo iliyozua mjadala. L24 ya mzee ilikuwa imechoka lakini haikufa. Ingeweza kutobolewa upya silinda na kuwekwa pistoni kubwa kidogo. Mzee ndiye aliyekataa. Alitaka nguvu za kuyapita malori bila kuomba dua. Fundi akapata L28, lita 2.75, iliyotoka kwenye Nissan Patrol ya miaka ya 1980. Ni bloku za ukoo mmoja. Sampu na kabureta mbili za L24 zilihamia kwenye injini mpya, na injini ikakaa kwenye mabano yale yale bila bodi kuchezewa hata milimita moja. L24 ikaoshwa, ikatiwa oili ndani ya silinda, ikafungwa kwa nailoni, ikalazwa chini ya ngazi nyumbani kwa mzee. "Mjukuu wangu akija akaitaka, ipo," ndivyo mzee alivyosema.

Na kuna kitu kimoja ambacho mzee hakuruhusu kiguswe. Dashibodi imepasuka juu, ufa mrefu wa jua, kama zilivyopasuka karibu zote za aina hii. Fundi alikuwa na njia ya kuufunika. Mzee akakataa: "Huo ufa niliuona ukizaliwa. Uacheni."

Nawaomba mtazame orodha hiyo tena. Hakuna hata kimoja kilichofanywa kwa mashauo. Hakuna magurudumu ya kung'aa, hakuna ekzosi ya kuamsha mtaa. Kila badiliko lina sababu, kila sababu inaanzia kwa mwenye gari, na karibu kila kitu kilichotolewa kimehifadhiwa. Fundi aliyefanya hivi anastahili kuulizwa maswali mengi sana. Pale kwenye onyesho hakuulizwa hata moja.

Upande wa pili nao una hoja, na sitajifanya haipo. Januari 2020, kwenye mnada mmoja wa Marekani, 240Z moja iliuzwa dola 310,000. Thamani yake ilikuwa katika kutoguswa. Gari la namna hiyo ni shahidi. Linakuonyesha rangi ilikaaje, waya zilifungwaje, mkono wa mfanyakazi wa kiwanda mwaka 1970 ulikaza nati kwa mtindo gani. Ukilibadilisha, shahidi amekufa, na huwezi kumfufua kwa spea yoyote. Nakubali. Ile Z ya ushindi wa 1971 imehifadhiwa na Nissan huko Japani, na yeyote atakayependekeza kuifungia rilei nitasimama naye mahakamani.

Lakini mashahidi ni wachache. Magari mengine yote ya zamani yaliishi. Yaligongwa, yakapakwa rangi upya, yakafungwa klachi ya leo na rejeta ya kesho, na mwisho yakawekwa chini ya turubai kwa sababu spea ziliadimika. Kumwambia mwenye gari kama hilo "usiguse" ni kumwambia aache kutu imalizie kazi. Nissan wenyewe hawakuamini hivyo. Miaka ya 1990, kule Marekani, walinunua 240Z zilizochakaa, wakazivua hadi kwenye bati, wakazijenga upya na kuziuza kwa karibu dola 25,000 kila moja. Mazda nao walitangaza mwaka 2017 kwamba wangefufua Roadster za kwanza za wateja wao. Nismo wanatengeneza upya spea za Skyline GT-R ya R32. Mtengenezaji akiifanya kazi hii tunaiita urithi. Fundi wa Changamwe akiifanya tunaiita kuharibu orijino. Tofauti ni nini, zaidi ya sare na sakafu iliyopigwa dеki?

Na hapa ndipo jambo linapokuwa baya kweli. Bei ikishafungwa kwenye neno "orijino", neno hilo litatengenezwa. Fundi aliniambia kuna mteja aliyewahi kumtaka asugue namba ya bloku na kugonga ile iliyo kwenye kibati, ili injini ya gari jingine ionekane ni ya kuzaliwa nalo. Alikataa, na kazi ikaenda kwingine. Iligongwa? "Sijui, na sitaki kujua." Namba za kugonga zinauzwa dukani, seti nzima, na mtu mwenye mkono mtulivu humaliza kabla chai haijapoa. Mwenye ubao wa karatasi atakuja, atalinganisha namba na namba, atatabasamu, na atatoa alama zote. Mzee aliyesema ukweli kuhusu injini iliyo chini ya ngazi anakatwa. Mwongo anapewa kikombe. Mkitunga kanuni zinazomwadhibu msema kweli, msishangae mkizungukwa na waongo.

Tufike sasa vitabuni, kama nilivyoahidi.

Mashairi ya Muyaka bin Haji, fahari ya mji huu, yametufikiaje? Muyaka alifariki karibu mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua Abdallah aliyakusanya yale yaliyobaki vichwani na makaratasini mwa watu wa Mombasa. Mmishenari W. E. Taylor akayapokea na kuyaandikia maelezo. William Hichens akayahariri na kuyatoa kama Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Hiyo ni mikono mitatu, na kila mmoja ulichagua: neno hili au lile, beti hii kabla ya ile, tahajia hii. Anayedhani anasoma Muyaka ambaye hajaguswa anajidanganya. Lakini kwa kuwa mikono inajulikana, na karatasi zilihifadhiwa, waliokuja baadaye waliweza kurudi, kulinganisha, na kubishana nayo. Kujulikana kwa mikono ndiko kunakotuwezesha kumwamini Muyaka tuliye naye.

Au mchukueni Nyerere. Mwaka 1963 alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa imerekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakujificha. Matoleo mawili yapo, unaweza kuyaweka mezani pamoja na kuona alikobadili mawazo. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu atakayesema toleo la pili lina kasoro kwa sababu si la kwanza. Tungekasirika tu kama angelibadili kisha akadai hakuligusa.

Sisi wasomaji tunalijua hili kuhusu vitabu na tunalisahau likija kwenye chuma. Tena hata kwenye vitabu hatuko wasafi sana. Muulize mpenzi wa mashairi wa leo ni nani aliyetuokolea Muyaka. Wengi watamtaja Hichens, maana jina lake liko kwenye kitabu. Sikujua, aliyezunguka mji huu akiuliza nani anakumbuka nini, hutajwa na wataalamu tu.

Nami simo nje ya lawama hii. Ile habari yangu ya maneno 600 ilichapishwa. Ndani yake alikuwemo mzee, alikuwemo Herrmann, alikuwemo Mehta, ulikuwemo hata ule ufa wa dashibodi, maana niliuona unapendeza. Fundi alitajwa kama "fundi mmoja wa Changamwe". Mhariri hakulikata jina lake. Sikuwa nimelileta. Nilizungumza naye saa tatu nzima, nikanywa chai yake, nikaondoka bila kumuuliza anaitwa nani kwa majina yote mawili. Wiki iliyofuata nilipopita, akaniambia binti yake alimsomea kwenye simu. "Nzuri sana," akasema. "Sasa yule fundi mmoja ndiye mimi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Ndipo tulipoanza daftari. Nilinunua kauntabuku la kawaida, na kwa Jumamosi nne nilikaa chini ya mwarobaini nikiandika naye akisema. Kila kilichotolewa, kiko wapi. Kila kilichowekwa, kimetoka kwenye gari gani. Bati la sakafu ni la unene gani. Waya za rilei zimepita upande upi. Kwa nini. Sehemu ya "kwa nini" ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, na mara nyingi alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, kana kwamba naye analisikia jibu kwa mara ya kwanza. Ana miaka 61. Mengi aliyoyasema hayako popote isipokuwa kichwani mwake na sasa kwenye kauntabuku lile. Tuliandika tarehe na majina ya kila aliyeshika kazi ile, hadi kijana aliyepiga msasa.

Ningependa kumalizia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka huu mzee aliugua, na wanawe walio Doha wanataka gari liuzwe. Dalali alileta mnunuzi kutoka Nairobi. Mnunuzi alilipenda, akatoa bei. Kisha akatoa bei ya pili, kubwa zaidi: L24 irudishwe mahali pake, kalipa za zamani zifungwe hata kama hazishiki, na lile kauntabuku lisiwepo. Hakusema lichomwe. Alisema lisiwepo. Tofauti ya bei hizo mbili inatosha karo ya chuo ya mjukuu kwa mwaka mzima, na si familia yenye hela za kuchezea.

Mzee alimwita fundi nyumbani, akamuuliza aonavyo. Fundi akamwambia: "Gari ni lako, mzee. Injini nitairudisha ukiniambia. Lakini jina langu limo mle ndani."

Hadi naandika haya mzee hajatoa jibu. Ni rahisi kwangu kusema akatae, maana karo si ya mwanangu. Nasema tu kwamba swali hili halikupaswa kumfikia mzee mgonjwa wa Likoni. Limemfikia kwa sababu watu wenye tochi na ubao wa karatasi wameamua kwamba gari lenye maelezo lina thamani ndogo kuliko gari lenye ukimya.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na hakuna hata moja lenye gharama. Waamuzi wa maonyesho: ongezeni kwenye fomu zenu mstari mmoja unaouliza nini kimebadilishwa, nani alibadilisha, na vilivyotolewa viko wapi. Toeni alama kwa jibu lililokamilika, na mkate kwa ukimya. Wenye magari: kauntabuku ni bei ya plagi moja, nunueni, kaeni na fundi wenu mwandike. Na sisi tunaoandika, tuulize majina. Kama tuna nafasi ya kumtaja dereva aliyeshinda mwaka 1971, tuna nafasi ya mtu aliyelala chini ya gari mwaka 2019.

Mtaniuliza basi mbona sijamtaja hapa. Nilimwomba ruhusa, akakataa. Kwenye mtandao hataki, ana sababu zake. "Kwenye daftari ndiko jina langu linakotakikana," alisema. "Atakayelifungua gari ndiye mwenye haja nalo."

Jumamosi iliyopita alinipigia simu asubuhi mapema, nikadhani mzee ameamua. Alikuwa amekumbuka kitu. Bolti moja ya bano la injini, upande wa kushoto, si ya Datsun. Ni ya Isuzu, aliikata ikatoshea, na ina meno tofauti kidogo. Alitaka niandike hilo kabla hajasahau tena, ili fundi atakayekuja baada yake asiilazimishe na spana.